Mngurumo Chumbani kwa Shamsia

Basi la Mtwara lilikuwa limeingia stendi ya Kibiti saa sita mchana, na wauza korosho walikuwa wameshalizingira wakinyanyua vifurushi vyao hadi madirishani, ndipo sauti ile ilipotoka. Kila kibanda kilikuwa na spika yake na kila spika na wimbo wake: singeli huku, taarabu kule, mawaidha kwenye duka la kanzu. Zote zilimezwa kwa mara moja. Mtu alinguruma kama fahali aliyenasa topeni, na nyuma yake ngoma zikaanguka kama magogo yanayoshushwa kutoka kwenye lori. Mtoto alianza kulia ndani ya basi. Muuza maji alisema, "Audhubillahi!" Mshamu, kijana wa Mbwera aliyekuwa akipita na pangaboi jipya la boti begani, alilidondosha juu ya mguu wake mwenyewe.

"Yalaa! Dada, nani anachinjwa humo ndani?"

Shamsia, msichana wa kibanda cha simu, alikuwa anahangaika kuchomoa waya. Alivaa baibui jeusi na ushungi wa rangi ya damu ya mzee, na kwenye vidole vyake hina ilikuwa imeanza kufifia. Ngurumo ikakatika. Stendi yote ilikuwa inamtazama.

"Hachinjwi mtu," alisema. "Nimechomeka waya siko. Nisamehe, kaka yangu. Umeumia?"

"Mguu umeumia, lakini masikio ndiyo yamekufa kabisa. Ana nini huyo?"

"Anaimba."

"Hiyo ndiyo kuimba? Kwetu Mbwera mtu akilia hivyo tunaita majirani."

"Basi nenda kawaite. Waje na wao wajaziwe nyimbo, biashara leo imelala."

Mshamu akacheka, akaegemea kibanda. Alikuwa mrefu, shati lake limepauka kwa jua na chumvi, na alinukia petroli kidogo. Akauliza tena, safari hii kwa kutaka kujua kweli.

"Ni roki nzito, wenyewe wanaiita hevi meto," Shamsia akamweleza. "Kundi linaitwa Dithaba. Wako wawili tu, kaka na dada, watu wa Botswana. Kaka anapiga gitaa na kuimba, dada anapiga dramu. Albamu yao inaitwa Selelo, maana yake kilio."

"Wawili tu ndio wanafanya fujo yote hii? Wangekuwa kumi si dunia ingepasuka?"

Shamsia alicheka hadi akajifunika mdomo kwa ushungi. Watu wa vibanda vya jirani waligeuka tena, kwa sababu hawakuwa wamezoea kumsikia akicheka.

"Haya, nijazie nyimbo," Mshamu alisema, akitoa kadi ya simu yake. "Mchanganyiko. Na hao wachinjaji wako uwaweke."

"Utawaweza?"

"Nikiwashindwa nitakupigia unifundishe."

"Kwa namba gani?"

"Hiyo hiyo unayotaka kuniandikia."

"Ona huyu!" Shamsia alisema. Lakini namba aliandika.

Mshamu alikuwa dereva wa boti ya abiria kati ya Nyamisati na visiwa vya delta. Kwao Mbwera simu zilishika vizuri mwisho wa gati tu, kwa hiyo kila alasiri watu walimwona amesimama pale peke yake, mgongo kwa kijiji, akichekacheka na maji.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nakula sauti yako."

"Utakonda, nahodha."

"Nimeshakonda. Mama ananiuliza nina minyoo."

Hivyo ndivyo walivyopendana, na kila alipokuja Kibiti kununua vipuri kwa Vipul, yule mwenye duka la spea za injini, alipitia kibandani kwanza, hata Vipul akawa anamtania kwamba injini yake imekuwa mbovu kupita kiasi tangu amjue msichana yule.

Jambo moja tu Shamsia hakumwambia. Alimwambia kwamba mdogo wake, Zawadi, alifariki kwenye mafuriko ya masika ya mwaka juzi. Hakumwambia alivyofariki.

Siku ile ya mafuriko yeye na Zawadi walikuwa kwenye dungu, kibanda cha kulindia mpunga kinachosimamishwa juu ya miti katikati ya shamba bondeni. Walikuwa wanafukuza ndege kwa kuvuta kamba ndefu iliyofungwa makopo matupu ya maziwa. Mto ulipopanda na miti ya dungu ikaanza kutikisika, Shamsia aliikata kamba ile, akajifunga ncha moja kiunoni na nyingine akamfunga mdogo wake. Alimfunga fundo la mara mbili, kama wafungavyo mizigo ya mpunga. Dungu lilipolala, maji yaliwachukua pamoja, na mahali fulani kamba ikakatika. Shamsia aliokotwa juu ya mwembe. Zawadi hakuonekana.

Aliswaliwa sala ya ghaibu, kwa kuwa hapakuwa na maiti. Mzee Sadallah, baba mdogo wa Shamsia aliyewalea, alikuwa mtu mwema mwenye kuogopa dini, na alimwambia bintiye, "Usipige mayowe, mwanangu. Utamtesa marehemu." Shamsia alitii, akatii kupita alivyoambiwa. Hakupiga mayowe, na machozi nayo yakakataa. Matanga yakaanuliwa na macho yake makavu, hata wanawake wakasema mtoto yule ana moyo wa jiwe.

Kisha dereva mmoja wa malori ya kusini akaja kujaziwa nyimbo, naye akamwachia albamu ile. Alimwambia kwamba ndugu wale waliirekodi baada ya kumzika mama yao, na hawakuwa wameimba pamoja tangu utotoni. Shamsia aliifungulia chumbani kwake, akitegemea kuichukia. Hakuelewa hata neno moja. Lakini yule mtu alikuwa analia kwa sauti yote ambayo yeye Shamsia alikatazwa. Alilia bila aibu, akakoroma, akapasuka koo, na dada yake hakumwambia anyamaze; alimpigia ngoma ili alie zaidi. Katika wimbo wa mwisho dramu zilisimama ghafla. Gitaa likabaki na uzi mmoja mzito, na mwimbaji akawa hapumui vizuri. Kisha ngoma moja ikagonga, ikanyamaza, ikagonga tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua haina mtu. Hapo Shamsia aliweka mto mdomoni na kifua chake kikalegea kidogo. Tangu hapo, kila alipofunga kibanda mapema, alijifungia chumbani alasiri na kukaa na muziki ule. Hakutaka kuulizwa.

Posa ilipokubaliwa, mama yake Mshamu, Bi Tabu, alikuja Kibiti kumwona mkwewe. Alikuwa mwanamke mnene wa heshima, mwenye kaniki safi na sauti ya kuamrisha. Alipokewa vizuri kwa Mzee Sadallah, akala wali wa nazi na samaki, akalala kidogo. Aliamka kutawadha kwa ajili ya sala ya alasiri, na alipopita ukumbini na kopo la maji, akasikia sauti ya mwanamume ikinguruma nyuma ya mlango wa Shamsia. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Na chini ya ngurumo ile, msichana naye alikuwa anagumia, kama anajibu.

Mwanamke mwingine angegonga. Bi Tabu alikuwa na adabu ya kizamani: mgeni hagongi chumba cha mwali. Alisali, akaaga kwa maneno mazuri, akarudi Mbwera na hofu yake nzima.

"Yule mtoto ana mume," alimwambia mwanawe.

"Mume gani tena, mama?"

"Jini mahaba. Nimemsikia kwa masikio yangu haya. Anamjia alasiri, mlango umefungwa, ananguruma na yeye anamwitikia."

Mshamu alicheka. "Mama, ule ni muziki! Kuna watu wawili wa Botswana—"

"Muziki nimezaliwa nao. Muziki watu wanacheza. Yule alikuwa analia na kugumia, Mshamu. Ukimwoa na mume wake juu yake, atakuua wewe. Au hujasikia yaliyompata mtoto wa jirani?"

Kicheko cha Mshamu kilififia kwenye maneno hayo. Shamsia analia? Hakuwahi kumwona akilia. Na kwa nini ajifungie na ule muziki? Angeweza kupiga simu aulize. Alifika hadi mwisho wa gati, akaitoa simu mfukoni, akairudisha. Aliona aibu kumuuliza mtu anayempenda kama ana jini. Akachagua njia nyepesi: amridhishe mama yake kwa ngoma moja ya pepo, yaishe, waoane.

"Mama ameandaa shughuli," alimwambia Shamsia baadaye. "Anataka uje ujulikane na wote."

"Shughuli gani?"

"Ya kwetu tu ya nyumbani. Utafurahi."

Shamsia alipaka hina upya. Alishona dera la kijani lenye nakshi ya fedha shingoni, akabeba sukari na mikate ya kumimina. Botini alikaa karibu na Mshamu, akimuuliza majina ya vijito vyote, naye Mshamu akijibu kwa kifupi.

"Mbona leo mkavu, nahodha?"

"Maji yanapwa, natazama njia."

Mbwera walimpokea kwa vigelegele. Wakampitisha uani. Kulikuwa na mkeka, chetezo cha ubani, ngoma tatu, na wanawake wamejifunga kaniki vifuani. Bi Mwanamina, fundi wa kupunga pepo, alimshika mkono akamkalisha, na shuka nyeupe ikamfunika kuanzia kichwani. Kabla haijashuka machoni, Shamsia aligeuka akamtazama Mshamu, aliyesimama kwenye ua wa makuti. Mshamu aliangalia vidole vyake vya miguu.

"Wewe uliyemkalia mtoto wa watu," Bi Mwanamina alisema, "jina lako nani?"

Shamsia alikuwa amekwisha kuamua kunyanyuka aondoke. Lakini ngoma kubwa iligonga, ikanyamaza. Ikagonga tena, ikanyamaza. Aliujua ukimya ule. Alikuwa amekaa ndani yake alasiri nyingi na mto mdomoni, na hapa hapakuwa na mto. Kifua kilifunguka. Sauti iliyotoka haikuwa ya msichana wa kibanda cha simu.

"Kapanda! Kapanda!" wanawake walipiga kelele.

"Taja jina!"

"Zawadi!" Shamsia alinguruma chini ya shuka. "Zawadi! Zawadi!"

"Ametaja!" Bi Tabu alisema. "Mnasikia? Unataka nini, Zawadi?"

"Mmemwacha majini! Hakuna aliyekwenda kumtafuta!"

Bi Mwanamina aliinua mkono na ngoma zikakoma. Ilisikika pumzi ya Shamsia tu.

Shamsia alijifunua mwenyewe, uso umelowa machozi. Akapita katikati ya wanawake hadi kwa Mshamu.

"Ulijua," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Nilijua ni muziki, mpenzi, lakini mama alikusikia mlangoni, akadhani jini mahaba—"

"Ungeniambia ningekuja. Ningekaa kwenye mkeka kwa ajili ya mama yako na tungecheka njiani. Wewe umenileta kama mbuzi, sijui naletwa wapi."

Aliondoka na boti ya mtu mwingine. Mshamu alipompigia, simu haikuita. Shamsia alikuwa ameifungia namba yake.

Siku zikaenda vibaya. Mshamu alikosea njia kwenye vijito anavyovijua tangu mtoto, akakwama kwenye mchanga na abiria wakimtukana. Mzee Sadallah alituma ujumbe wa kistaarabu kwamba wakachukue posa yao. Alasiri moja Mshamu alikaa mwisho wa gati, mahali pake pa mapenzi, akavaa hedifoni. Nyimbo za Dithaba zilikuwa humo tangu siku ile ya stendi, na kila zilipofika alikuwa anaziruka. Leo hakuziruka.

Wimbo wa kwanza aliuvumilia nusu, akavua. Akavaa tena. Alikuwa mtu wa injini, na kwanza alisikia kitu anachokijua: mashine inayobebeshwa mzigo kuliko nguvu yake, inalia, haizimiki. Wimbo wa mwisho ulipofika na ngoma ikabaki kugonga peke yake, alisahau kwamba ni wimbo. Alisikia mtu anamwita mtu ambaye haitiki.

Alikwenda moja kwa moja jikoni. "Mama, Zawadi si jini. Ni mdogo wake. Alichukuliwa na mafuriko."

"Mashetani wanajua kudanganya, mwanangu."

"Mama, sikiliza mwenyewe basi!"

"Astaghfirullah. Niondolee hicho kitu."

Hakubishana naye tena. Neno moja la chini ya shuka lilikuwa linamchoma: hakuna aliyekwenda kumtafuta. Mwaka juzi maji ya bonde yote yalikuja delta. Yalileta mbuzi, milango, mapaa ya nyumba, na watu. Kila aliposhusha abiria alianza kuuliza wakata mikoko na wavuvi wa kambamiti: mlizika nani wakati ule? Wengine walimjibu kwamba walizika mwanamume. Wengine walimkasirikia. Hatimaye watu wa kijiji cha Maparoni wakamwelekeza kwa Bi Somoe, mwanamke aliyeosha maiti za kike pale kijijini.

Shamsia alikuwa kibandani simu ilipoita kutoka namba ya Vipul.

"Haloo, Vipul, chaja zako bado hazijafika."

"Siye Vipul."

"Nakata."

"Zawadi alikuwa na kamba kiunoni?"

Stendi ilikuwa na makelele yake yote, lakini Shamsia hakuyasikia.

"Nani kakwambia habari za kamba?" Hakuwa amemwambia mtu. Hata baba yake mdogo hakujua.

"Fundo la mara mbili," Mshamu alisema. "Na kopo la maziwa limebaki kwenye kamba. Shamsia, sikuombi unisamehe. Nakuomba uje Maparoni. Ukitaka, nitakaa mbali, dereva awe mtu mwingine."

Shamsia alianza kufunga kibanda.

"Endesha wewe," alisema mwishowe. "Njia unaijua."

Walikwenda na Mzee Sadallah, na hakuna aliyezungumza botini. Kaburi lilikuwa nyuma ya msikiti mdogo, kwenye mwinuko usiofikiwa na maji ya bahari. Mtu alikuwa ameling'olea magugu. Bi Somoe alimshika Shamsia mikono miwili.

"Alikuwa na nywele zimesukwa, mwanangu. Na shati la shule ndani ya gauni. Nilimwosha mimi. Lile fundo lilinishinda, ikabidi nikate kamba kwa kisu. Nikasema, aliyemfunga huyu alimpenda."

"Ni mimi," Shamsia alisema.

"Basi ni wewe. Na mimi nilimlilia. Simjui, lakini sikuweza kumzika mtoto bila mtu wa kumlilia."

Shamsia alipiga magoti kwenye mchanga. Alilia kwa sauti, kilio cha kupasua koo. Mzee Sadallah alifungua mdomo kama anayetaka kumkataza, akaufunga. Akakaa chini kando ya bintiye na yeye akalia.

Wakati wa kurudi, katikati ya mto, Shamsia alisema, "Zima mashine."

Mshamu alizima. Boti ikaelea. Kulikuwa na maji tu, yakigonga ubavu wa boti, yakinyamaza, yakigonga.

"Nitakuambia jambo moja, nahodha, na baba asikie. Mume wangu wa kijini simjui. Ninayemjua ni mmoja, na anamwogopa mama yake."

"Kweli," Mshamu alisema.

"Mama yako alisikiliza mlangoni. Mimi simchukii, kila mama angeogopa. Lakini aje asikilize mbele yangu, mchana, stendi, watu wote wakituona. Asipokuja, na wewe usije."

Mshamu alimsihi mama yake kwa maneno yote aliyokuwa nayo. Bi Tabu alikataa. Alikataa tena. Kilichomtoa Mbwera ilikuwa habari ya Bi Somoe, aliyekuwa anamjua kwa heshima yake na ambaye hasemi uongo juu ya maiti. Alishuka Kibiti katikati ya kelele za mchana, basi la Mtwara likipiga honi, akasimama mbele ya kibanda na kaniki yake safi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakukaa. "Haya. Nipe."

Shamsia alimvalisha hedifoni juu ya mtandio. Akachagua wimbo wa mwisho. Wauza korosho walisogea, Vipul akatoka dukani kwake. Ngurumo ilipoanza, Bi Tabu alishtuka, akaushika ukingo wa kibanda, midomo yake ikisoma dua. Mshamu alitaka kumvua hedifoni, Shamsia akamzuia. Polepole midomo ile iliacha kusoma. Uso wa mwanamke yule, ambaye alizika mume na watoto wawili waliomtangulia Mshamu, ulianza kulegea, na akasimama hivyo hivyo hadi mwisho, stendi yote ikimsubiri.

Alivua hedifoni, akaziweka mezani taratibu.

"Kafiwa huyu," alisema.

"Ndiyo, mama. Na mama yake."

"Na anayepiga ngoma?"

"Dada yake."

Bi Tabu aliitikia kwa kichwa. Alipangusa macho kwa ncha ya mtandio, kisha akasema, kwa sauti ambayo Mshamu hakuwahi kuisikia, "Nilikufunika shuka, mwanangu, mbele za watu. Nisamehe."

Shamsia alipanga chaja zake, akazipangua.

"Tutasoma hitma ya Zawadi kwanza, Maparoni," alisema. "Na pilau utapika wewe, mama. Kwa mkono wako."

"Nitapika. Hata maji nitachota mwenyewe."

"Baada ya hapo posa irudi."

Vipul alipiga makofi peke yake, akaona haya, akaacha. Mshamu alijaribu kutania kidogo, kama zamani.

"Sasa harusini tuwapigie hao wachinjaji wako, mpenzi?"

Shamsia alimtazama. Macho yake yalikuwa bado mekundu tangu Maparoni, na Mshamu alifahamu kwamba yatakuwa hivyo kwa muda.

"Harusini pigeni singeli mpaka mchoke," alisema, akizizungushia hedifoni waya wake. "Hii niachieni mimi. Na siku utakayonisikia nimefunga mlango nikanguruma, usiite fundi. Gonga."

"Ukikataa kufungua?"

"Gonga tena."